Mwandiko Wangu Chini ya Sarafu ya Azes

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitasubiri ipoe. Nyinyi vijana wa ibada ya Kiswahili hapa Lewisham, London, mmezoea kuniona nikigawa chai na kuuliza nani anaoa na nani amefeli mtihani. Jumapili ile mliponiona napiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, mmoja wenu alinong'ona kwamba Bibi Nyemo presha imempanda. Presha ilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimeuona mwandiko wangu.

Aliyenionyesha ni Sechelela, mjukuu wa dada yangu, yule anayecheka kabla hajamaliza sentensi. Anasoma historia chuoni. Alikuja na simu, akaniwekea mbele ya pua.

"Bibi, si ulikuwa unafanya kazi na sarafu? Look, mfalme wako anauzwa!"

Nikavaa miwani. Kulikuwa na sarafu ya shaba, upande mmoja ng'ombe wa nundu, upande wa pili simba. Ni ya Azes, mfalme wa Waskithi waliotawala kaskazini magharibi ya Bara Hindi kabla Yesu hajazaliwa. Pembeni ya picha kulikuwa na kikaratasi cha njano chenye maandishi ya wino, ya mteremko, mazuri. Katika biashara yetu kikaratasi hicho huitwa tiketi. Kila sarafu hulalia tiketi yake inayosema ni nini na ilitoka kwa nani. Chini wauzaji, watu wa nyumba moja ya mnada hapa jijini, wameandika kwamba sarafu hii ni ya mkusanyo wa Meja mmoja wa jeshi la Uingereza, na tiketi iliandikwa na mke wake kabla ya vita kuu.

Mke wa Meja hakuiandika. Niliiandika mimi, baada ya chakula cha mchana, vidole vikinuka yai la kuchemsha.

Hapo ndipo nilipopiga meza.

Nataka mjue ilivyokuwa, kwa sababu wengi wenu mnaanza kazi sasa, na kuna siku mtasifiwa kwa kitu mnachokijua vizuri, na sifa hiyo itakuwa ndoana.

Mimi niliingia duka lile la sarafu kwa mlango wa ndoo na fagio. Lilikuwa katikati ya jiji, chini kabati za vioo, juu chumba chenye meza mbili na taa za kuinamisha. Siku hizi ni mahali pa kahawa; nilipita mwaka jana, kikombe kimoja bei ya nyama ya siku nzima. Mwenye duka aliitwa Bwana Tolley. Jina langu lilimshinda, akaniita Naomi. Nyemo lina herufi tano. Naomi pia lina tano. Sijui alipunguza nini.

Siku moja nikifagia nikaokota sarafu ya fedha chini ya kabati, nikampelekea. Akaishika kwenye mwanga, akaniangalia kama ndiyo kwanza naingia mlangoni. "Msafishaji mwingine angeitia mfukoni," akasema. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima, nikaisimulia mpaka kwa watu wa basi. Miaka mingi ilipita kabla sijasikia tusi lililokuwa ndani yake.

Basi akanipandisha juu, kwenye meza ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Gulzar, mwalimu mstaafu kutoka Pakistani, aliyezaliwa karibu na Taksila, mji ambao Azes mwenyewe aliutawala. Yeye ndiye aliyejua kusoma maandishi ya sarafu zile. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye akaniita dada.

Wiki yangu ya kwanza pale juu nilifanya kosa ambalo Mwingereza asingelifanya hata kwa kulipwa. Ilikuwa Ijumaa, Mwalimu ameenda kuswali. Aliniachia trei ya sarafu za shaba, nyeusi na kijani kama chini ya jiwe la mtoni, akasema nizitazame tu. Mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu sufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ujione uso, na sufuria isiyong'aa ni aibu ya mama aliyekulea. Nikasema nitamfurahisha mzee wa watu. Nikachukua unga wa kusugulia masinki na waya wa sufuria, nikakunja mikono, nikaanza na ng'ombe wa Azes. Nilisugua huku nikiimba. Nilipomaliza alikuwa anang'aa kama bomba jipya.

Mwalimu akarudi. Alikaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Dada," akasema polepole, "umemchuna."

"Nimemchuna nani, Mwalimu?"

"Huyu ng'ombe. Ile kijani si uchafu. Ni ngozi yake. Ameivaa miaka elfu mbili, wewe umemvua kwa nusu saa."

Nikatazama kwa lenzi. Nundu, ambayo ndiyo sehemu iliyoinuka zaidi, ilikuwa imelala bapa. Nikalia. Mwalimu akanipa leso, halafu akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Mfalme alipigana na kila jirani, dada. Hakujua atakuja kushindwa na mwanamke wa Dodoma na waya wa sufuria."

Tangu siku ile alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto kushika yai. Sarafu hushikwa ukingoni, kamwe si usoni. Huinuliwa juu ya kitambaa kizito, ikianguka ianguke salama. Udongo haung'olewi, unalowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi, kama yale ya betri ya gari, unabadilisha maji, unasubiri, unabadilisha tena. Ukiona unga wa kijani mpauko unaochanua kama ukungu wa mkate, huo ni ugonjwa wa shaba, mtenge mgonjwa na wenzake, umweke pakavu. Sarafu ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mshono ukingoni, na uso wake umelegea kama sabuni iliyotumika.

Kwa kudokoa udongo kwenye herufi, wenzetu walitumia miiba ya waridi. Nikamwambia Mwalimu kwetu kuna kitu bora. Binamu yangu alipokuja akaniletea miiba ya nungunungu, imefungwa ndani ya kanga. Ni migumu lakini haikwaruzi. Mwalimu aliijaribu, akatikisa kichwa, akasema angekuwa mfalme angeniteua waziri wa nungunungu. Huo ndio mchango wangu kwa elimu ya sarafu, na hakuna kitabu kilichoandika.

Yeye alimpenda Azes kama mtu anavyompenda mjomba mkorofi. "Huyu alikuwa mhamiaji," alikuwa akisema. "Watu wake walitoka nyika za mbali na farasi. Hawakuja na sarafu yenye maandishi. Wakakuta nchi yetu inatumia sarafu zenye Kigiriki upande mmoja na Kikharoshthi, maandishi ya kwetu, upande wa pili. Angeweza kufuta vyote. Hakufuta." Kisha alinionyesha kwa ncha ya mwiba: kuzunguka ng'ombe, kwa Kigiriki, mfalme wa wafalme, mkuu, Azes, kuzunguka simba, kutoka kulia kwenda kushoto, maneno yaleyale kwa lugha ya wenyeji. Nikisikia mnanijibu Kiingereza ninapowasemesha Kiswahili, namkumbuka mfalme huyo. Yeye alikuwa na pande mbili na zote zilisema jina lake. Nyinyi je?

Mwalimu alinifundisha na jambo lingine, na hili ndilo lililonichoma. Sarafu peke yake inakuambia nusu. Nusu nyingine inasemwa na ardhi ilikotoka: shamba gani, ilikaa na zipi, ndani ya chungu au chini ya ukuta. Wataalamu walibishana miaka mingi kama Azes walikuwa wawili au mmoja, kwa sababu watu waliendelea kutoa sarafu kwa jina hilo hata alipokufa, fedha ikizidi kupungua na shaba kuongezeka. "Tungejua zilikochimbwa," alisema, "tungebishana kidogo." Ndiyo maana udongo aliobandua hakuutupa. Aliutia kwenye vichupa vidogo na kuviandika.

Sasa sikilizeni vizuri.

Siku moja ukaja mfuko mpya. Sarafu tisa za Azes, ng'ombe na simba, zimeviringishwa kwenye gazeti la Kiurdu. Udongo wake ulikuwa bado na unyevu. Mwalimu akalinyoosha gazeti, akasoma matokeo ya kriketi kwa sauti, akatafuta tarehe. Lilikuwa la mwezi uliopita.

"Hizi zimefukuliwa juzi," akasema. "Kwetu. Usiku, kwa sepeto, na kupitishwa mpakani kama bangi." Sheria ya kwao hairuhusu. Ukizipata hivyo huwezi kuziuza hadharani. Lakini sarafu iliyotoka kwao zamani, enzi za ukoloni, ikiwa na karatasi za bwana wa zamani, hiyo inauzwa bila swali.

Wiki tatu baadaye Bwana Tolley alinikuta naandika orodha ya vifaa.

"Naomi, mwandiko huu umeupata wapi?"

"Shule ya misheni, Bwana, Dodoma. Miss Aldred alitufundisha kwa rula. Ukikosea mteremko, kidole kinajua."

Akacheka sana. Akaleta boksi la tiketi za Meja. Duka lilinunua kabati ya mzee huyo alipofariki, sarafu za Kirumi nyingi, na tiketi ziliandikwa na mkewe. "Unaweza kuandika kama huyu?"

Nikatazama, na mimi nikacheka. "Hivi ndivyo ninavyoandika."

"Kabisa," akasema. "Kabisa."

Aliniambia bomba lilivuja, tiketi kadhaa zikaharibika, anataka ziandikwe upya kwa heshima ya marehemu. Aliniletea kurasa tupu zilizokatwa mwishoni mwa vitabu vikuukuu, na wino wa kahawia. Zilinukia chai. Mimi, mtu wa chai, nikafikiri amezimwagia kwa bahati mbaya, kumbe alizichovya ili zionekane kuukuu. Nikaandika kwa raha, jina la Azes, ng'ombe na simba, na chini jina la Meja, mara tisa, bila kujiuliza mbona tisa. Tiketi za mke wa Meja hazikuwa na neno hata moja lenye herufi z, basi nikamuuliza Bwana Tolley niifanyeje. "Fanya unavyojua," akasema. Nikaifanya ya Miss Aldred, yenye mkia mrefu unaojikunja chini ya mstari kama mkia wa ndama anayekimbia.

Jioni ile nilimpigia mama simu: Mzungu amenipa kazi ya kalamu. Mama akapiga kigelegele. Namkumbuka kwa kigelegele kile, na ndiyo maana hasira hii siwezi kuimeza.

Asubuhi Mwalimu alikuta zile tisa zimepangwa kwenye trei, kila moja juu ya tiketi yake. Alisoma moja. Alisoma ya pili. Alinigeukia.

"Udongo wa hizi tuliubandua pamoja, mimi na wewe. Nani ameandika kwamba zilikuwa za Meja?"

Wino ulikuwa bado kidoleni mwangu.

Hakunipigia kelele, bora angepiga. Alisema, "Walioiba shambani ni masikini, dada. Wewe umewaibia hata hilo shamba. Sasa halipo popote."

Mtaniuliza mbona sikuenda kusema siku ileile. Kweli niliyonayo ni hii. Faili langu la kibali cha kuishi lilikuwa Croydon, kwenye lile jengo la uhamiaji mnalolijua, ambalo wazazi wenu wakilipita kwa tramu huacha kuongea. Mwaka wa tatu nasubiri. Bwana Tolley alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kunidhamini. Nikakaa kimya. Barua ikaandikwa, nzuri, kwenye karatasi nzito. Ilisema mimi ni mtu mwaminifu na wa kutegemewa.

Mwalimu aliacha kazi mwisho wa mwezi. Ndani ya droo yangu nikakuta chupa moja ya udongo, na kibandiko kwa mkono wake: Azes, ng'ombe na simba, vipande tisa, na siku ilipofika. Chini aliongeza, "Siku utakapotaka kusema." Alirudi kwao, akafia huko. Chupa imekaa jikoni kwangu Lewisham kando ya chumvi miaka yote hii. Mara mbili wageni walikaribia kuitia kwenye mchuzi.

Kwa hiyo Sechelela aliponionyesha simu, sikuwa na la kufikiria tena. Kibali ninacho, pensheni ninayo, Bwana Tolley yuko kaburini. Nimebaki na mkono.

Kabla ya mnada kuna siku za kutazama. Mtu yeyote anaweza kuingia na kuomba kushika kitu kinachouzwa, hata bibi mwenye koti la kanisani. Wengi wenu hamjui, mnaogopa milango ya vioo. Tulikwenda wawili. Mimi na Sechelela. Kijana mmoja wa suti akaniletea trei, akaniuliza kama mimi ni mkusanyaji wa sarafu.

"Hapana," nikasema. "Msafishaji."

Nikaiinua kwa ukingo, juu ya kitambaa, na yule kijana akaona ninavyoshika, akanisogezea taa. Kwa mazoea niliitafuta kwanza ile iliyonipotezea usingizi zamani, yenye nundu bapa, ingawa haikuwa miongoni mwa zile tisa. Siyo hiyo. Huyu ng'ombe alikuwa na nundu yake nzima, na ngozi yake ya kijani, mzuri kama siku aliyozaliwa. Ni mmoja wa wale tisa, niliyemsafisha kwa mwiba wa nungunungu wiki mbili, nikisubiri maji. Kazi bora niliyowahi kufanya, ndiyo waliyoilalisha juu ya uongo wangu.

"Nipe karatasi na kalamu ya wino," nikamwambia.

"Madam, hapa tunatumia penseli."

"Bibi, what are you doing?" Sechelela akaninong'oneza.

"Nyamaza uone."

Nikaandika kwa penseli yao, polepole, mteremko wa Miss Aldred: jina la Azes, ng'ombe na simba. Nikaiweka kando ya tiketi. Yule kijana alitazama moja, akatazama nyingine, rangi ikamtoka kuanzia kwenye kola. Akaenda kumwita mkuu wake, mama mmoja mrefu mwenye miwani shingoni. Nikamwekea na chupa ya Mwalimu mezani. Nikamwambia yote, gazeti, kriketi, kurasa za chai.

"Unaelewa kwamba unatoa tuhuma nzito?" akaniuliza.

"Si tuhuma. Naungama. Tuhuma ningekuwa namsema mtu mwingine."

Alivaa miwani, akainama juu ya zile karatasi mbili muda mrefu. "Hii z," akasema mwishowe, peke yake. Kisha akaitwaa trei kwa mikono miwili, akaenda nayo ndani.

Siku ya mnada Sechelela alifuatilia kwenye simu. Walipofika namba ile, waliiruka. Imeondolewa, basi. Hakuna aliyesema kwa nini. Hakuna aliyetaja Taksila, wala Mwalimu, wala shamba. Chupa yake wanayo. Wamesema wataandika kwa ubalozi wa Pakistani, na mimi kila Jumatatu nawapigia, nawauliza mmeandika? Msichana wa mapokezi sasa anaitambua sauti yangu. "Good morning, Naomi," aliniambia juzi, maana jina hilo ndilo alilolikuta kwenye karatasi za zamani za duka la Bwana Tolley. Nikamsomea herufi tano za kwangu, moja moja, mpaka akazirudia.

Lakini ni moja hiyo. Nane zingine ziko duniani, kwenye kabati za watu, zimelala salama juu ya mwandiko wangu. Mimi miguu imechoka, macho yanaingia ukungu. Nyinyi mna simu zinazoona kila mnada wa kila nchi, na huko mnapoteza muda kutazama viatu. Tazameni na hili. Mkiona ng'ombe wa nundu na simba, na chini yake tiketi ya njano iliyoandikwa vizuri, tafuteni herufi z. Kama ina mkia mrefu uliojikunja kama wa ndama anayekimbia, msiamini neno hata moja juu ya bibi wa Kiingereza aliyekufa. Ni mimi, Nyemo wa Dodoma, na bado niko hai. Niiteni nije niseme.